Kabla ya Kuingia Chalbi: Kupanga Safari ya Gari la 4x4 na Kuchagua Ramani ya Simu Isiyohitaji Mtandao

Anayetoka mjini Marsabit kwenda Loiyangalani ana njia zaidi ya moja. Anaweza kushuka kwa lami hadi Laisamis, karibu kilomita 100, kisha aingie barabara ya changarawe iliyokarabatiwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, apite South Horr na Sarima hadi ziwani. Anaweza pia kuelekea kaskazini, apitie Maikona, Kalacha na North Horr, halafu ashuke kwa njia ya Gas. Katikati iko njia ya Kargi, ambayo kwenye ramani inaonekana fupi kuliko zote. Akiiuliza simu peke yake, huenda ikamchagulia hiyo fupi.

Simu haijakosea. Imepima kilomita, ikakadiria mwendo, ikatoa jibu. Isichojua ni kwamba mvua ilinyesha mlimani usiku wa kuamkia jana, kwamba laga imejaa, au kwamba barabara iliyochorwa kwa mstari mmoja safi ni alama za magurudumu tu, kumi au zaidi, zinazoachana na kukutana tena mchangani.

Somo hili ni la mkazi anayelazimika kuendesha gari nje ya lami: mfanyabiashara anayepeleka bidhaa sokoni, mhudumu wa afya anayekwenda kliniki tembezi, dereva wa gari la kukodi mwenye wageni, au familia inayokwenda mazishini kijiji cha mbali. Wengi wao wana simu janja. Wachache wamewahi kuijaribu ramani yake kabla mtandao haujapotea.

Nukta ya buluu inatoka wapi

Watu wengi huamini kwamba bando likiisha, au minara ya mawasiliano ikiachwa nyuma, simu haiwezi tena kujua iko wapi. Si kweli. Simu hupokea mawimbi kutoka setilaiti za GPS ya Marekani, na nyingi za siku hizi hupokea pia za Urusi, Ulaya na Uchina. Huduma hiyo ni ya bure na haitumii bando. Hadi Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiyapotosha mawimbi hayo kwa makusudi kwa watumiaji wa kiraia, hivyo kifaa kingeweza kukosea kwa takriban mita 100. Upotoshaji huo uliondolewa, na leo simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu.

Kinachopotea mtandao ukikatika ni picha ya ramani yenyewe. Nukta ya buluu inabaki, ila inaelea juu ya karatasi tupu ya kijivu. Ndiyo maana ramani hupakuliwa mapema, nyumbani au mjini, penye mtandao wa uhakika.

Kuna jambo la pili ambalo limewaponza wengi zaidi. Simu hupokea tu kutoka setilaiti hizo, haitumi kitu. Dereva akijiona kwenye ramani katikati ya jangwa, haina maana kwamba mtu mwingine anamwona. Ndugu aliye mjini hana habari kama gari linatembea au limekwama tangu asubuhi.

Simu iliyozimwa kwa siku kadhaa, kisha ikawashwa mbali na mtandao, inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kupata mahali ilipo. Heri kuiwasha na kuifungua ramani kabla ya kuondoka, na kuiacha kwenye uwazi bila haraka.

Programu ipi?

Google Maps inajulikana na wengi, na inaruhusu kupakua eneo kwa kulizungushia mraba. Ina mipaka yake. Eneo lililopakuliwa huisha muda lisiposasishwa, picha za setilaiti hazipakuliwi pamoja nalo, na nje ya mtandao hutoa maelekezo ya gari tu. Kwa barabara kuu ya Isiolo, Marsabit na Moyale inatosha kabisa. Kwa njia za ndani, ni vizuri kuwa na nyingine ya kulinganisha.

Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, na ni nyepesi hata kwa simu ya bei nafuu. Mtumiaji hupakua ramani ya Kenya na kazi imekwisha. OsmAnd ina mambo mengi zaidi: hurekodi njia ambayo gari limepita, hupokea faili la njia kutoka kwa dereva mwingine, na huruhusu kuchagua aina ya barabara za kukwepa. Toleo lake la bure lina kikomo cha idadi ya ramani za kupakua, lakini kwa mtu anayezunguka Kenya peke yake kikomo hicho si tatizo. Ubaya wake ni menyu nyingi, na anayeifungua mara ya kwanza akiwa barabarani atachanganyikiwa. Tracks4Africa, iliyoanzia Afrika Kusini, imejengwa kwa njia zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe. Hulipiwa, na inamfaa zaidi anayevuka nchi kadhaa.

Kwa mkazi wa kawaida, Organic Maps ya kutazama na OsmAnd ya kurekodi zinatosha. Lakini zisihesabiwe kuwa mashahidi wawili. Zote zinachota kutoka OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Baadhi ya njia zimechorwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akifuatisha picha ya setilaiti, bila kuwahi kukanyaga hapa. Mstari anaouona yeye huenda ni barabara, huenda ni njia ya ngamia, huenda ni laga iliyokauka. Programu zote mbili zikikubaliana, inawezekana zinarudia kosa lile lile.

Baada ya kupakua, jaribio ni moja: simu iwekwe kwenye hali ya ndege, kisha itafutwe njia kutoka mjini hadi mwisho wa safari. Ikikubali, ramani imeingia. Ikikataa, ni bora imekataa hapo sebuleni.

Nambari zinazoweza kukupeleka Kibwezi

Mahali pasipo na jina kwenye ramani, kama kisima au boma, huelezwa kwa latitudo na longitudo. Mji wa Marsabit uko takriban nyuzi 2.33 kaskazini na 37.99 mashariki. Mtu akisahau kwamba kaunti iko kaskazini mwa ikweta, akaandika kusini, ramani itamwonyesha eneo la karibu na Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo. Kosa hilo ni kubwa kiasi kwamba hugunduliwa mara moja.

La hatari ni dogo. Nyuzi 2.33 zikiandikwa kwa dakika huwa nyuzi 2 na dakika 20. Anayetumiwa "2, 20" kwenye simu ya upepo akaandika 2.20, amesogea karibu kilomita 15. Mjini angepiga simu aulize. Jangwani, kilomita 15 pembeni ya kisima ni safari nyingine. Kwa hiyo wanaosafiri pamoja wakubaliane mapema kutumia mfumo mmoja, na nambari zisomwe na kurudiwa na anayepokea.

Mafuta na maji

Saa ambazo simu hutaja hutokana na mwendo wa kukisia. Mchangani au kwenye mawe ya volkano, gari linaweza kwenda kilomita 20 kwa saa kwa muda mrefu. Mafuta nayo hubadilika. Chukua safari ya kilomita 350. Gari linalotumia lita 12 kwa kila kilomita 100 kwenye lami lingehitaji lita 42. Njia ya mchanga ikilifikisha lita 20, tayari ni 70. Ukiongeza robo ya akiba, kwa ajili ya kurudi nyuma au kuzunguka laga iliyojaa, inakaribia lita 88. Tangi la magari mengi halifiki hapo, ndiyo maana majerikeni hubebwa, yakiwa yamefungwa imara na mbali na abiria. Mafuta ya chupa vijijini yanaweza kupatikana, lakini hayafai kuwekwa kwenye mpango.

Maji ya kunywa ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku kama kiwango cha chini, na joto la Chalbi huomba zaidi. Hesabu iwe ya siku moja zaidi ya safari yenyewe. Maji ya rejeta ni mengine, yasichanganywe katika hesabu hiyo.

Kabla ya kuingia mchangani, upepo wa magurudumu hupunguzwa, kwa mfano kutoka 35 hadi karibu 20, ili gurudumu litandazike na kushika. Kuanzia hapo mwendo uwe wa polepole na kona zisikatwe kwa ghafla. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari ni ya lazima, kwa sababu kukimbia kwenye changarawe na magurudumu laini ni njia ya haraka ya kuyapasua. Magari mengi ya zamani ya 4x4 yana vifungio vya magurudumu ya mbele vinavyozungushwa kwa mkono. Vifungwe kwenye ardhi ngumu, kabla gari halijazama. Jeki bila kipande cha ubao chini yake itazama yenyewe. Sepetu, kamba ya kuvutia na mbao mbili vikamilishe mzigo. Gari la pili ni bora kuliko vyote hivyo.

Ardhi nyeupe

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Kiangazi, uso wake mweupe wa chumvi ni mgumu na unavutia kukanyaga mafuta. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, maji kutoka Mlima Marsabit na Milima ya Huri hukusanyika humo, hata siku ambayo jangwani penyewe jua ni kali. Maji yakiondoka, ngozi ya juu hukauka kwanza. Chini yake tope linabaki, na gari la tani tatu halipewi onyo.

Hapo ndipo simu haina la kusema. Dereva asimame kabla ya kuingia, atembee mbele hatua mia moja, achome ardhi kwa fimbo. Rangi inayogeuka kuwa nyeusi ni dalili mbaya. Alama za magurudumu za zamani hazithibitishi kitu, kwa kuwa huenda aliyepita alipita wakati wa kiangazi. Swali la kuuliza Maikona au Kalacha si "njia ni hii?" Kila mtu atajibu ndiyo kwa heshima tu. Swali ni "gari la mwisho limetoka upande ule lini, na lilikuwa la aina gani?" Mchungaji aliyefika kisimani asubuhi na ngamia zake anajua jibu ambalo hakuna ramani inayo.

Vivyo hivyo kwa usalama. Hakuna programu inayoonyesha kwamba njia fulani haipitiki wiki hii kwa sababu ya wizi wa mifugo. Kituo cha polisi na ofisi ya chifu wa eneo ndiko kwa kuuliza, siku ya kuondoka na tena njiani. Safari ipangwe iishe kabla ya jua kutua.

Karatasi inayobaki nyumbani

Kwa kuwa setilaiti haimwambii mtu kitu, kazi hiyo hufanywa na karatasi. Iachwe kwa mtu mmoja anayeaminika, na iandikwe njia itakayotumika, vituo, nambari ya gari, idadi ya watu, na saa ambayo asiposikia lolote ataanza kupiga simu. Saa hiyo iwe ya kweli. Anayesema "jioni" hajasema kitu. Dereva akibadilisha njia, amjulishe kabla ya kuacha mtandao. Ujumbe mfupi wa maandishi hupita mahali ambapo simu ya sauti hukatika, hasa juu ya kilima, na unatosha kubeba latitudo na longitudo. Nambari za dharura 999 na 112 zinahitaji angalau mnara wa kampuni yoyote uwe karibu.

Gari likikwama kabisa, wasafiri wabaki nalo. Lina kivuli, lina maji, na huonekana kutoka mbali kuliko mtu anayetembea. Simu iwekwe kivulini, si juu ya dashibodi ambako joto huizima, na mwanga wa kioo upunguzwe. Simu ya pili yenye ramani ile ile izimwe na kutunzwa.

Safari ikiisha salama, njia iliyorekodiwa kwenye OsmAnd inaweza kutumwa kwa madereva wengine, ikiwa na tarehe. Kisima kisichopo kwenye ramani, au daraja lililobomoka, mkazi anaweza kukiongeza mwenyewe kwenye OpenStreetMap, kama vijana wa Kibera walivyoanza kuchora mtaa wao mwaka 2009. Aliye North Horr anayajua mambo haya kuliko aliyeko London, na kuyaingiza humchukua dakika chache.