MACHO MAZIMA, UPANDE MMOJA HAUPO

Ndugu msomaji, wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini je, wajua kwamba ubongo ukiumia waweza kuteremsha pazia, mtu asitambue vitu vya upande mmoja ilhali macho yake ni mazima?

Ubongo una nusu mbili. Nusu ya kushoto huangalia zaidi mambo ya upande wa kulia. Nusu ya kulia huangalia pande zote mbili. Sasa mtu akipatwa na kiharusi, yaani mshipa wa damu ubongoni uzibe au upasuke, na nusu ya kulia ikaumia, upande wa kushoto hubaki bila mlinzi. Mgonjwa hula wali wa upande wa kulia wa sahani tu, kisha alalamike hajashiba. Hunyoa ndevu shavu moja. Akiambiwa achore saa, nambari zote huzirundika kulia.

Je, huu ni ugonjwa wa macho? La hasha! Mwaka wa 1978, watafiti Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti wa Italia waliwaambia wagonjwa wawili wawazie uwanja mashuhuri wa mji wao wa Milan, kama wamesimama wakilitazama kanisa kuu. Wakataja zaidi majengo ya kulia. Wakaambiwa wawazie wamegeuka, kanisa liko mgongoni. Kumbe sasa wakataja yale waliyoyaacha mwanzo! Hapo macho hayakutumika kabisa, ni mawazo matupu.

Mitaani kwetu utasikia ati mzee ana kiburi, au kapigwa na upepo mbaya. Wengine humgombeza. Maskini, mara nyingi mwenyewe hajui kama kuna kitu anakosa. Hapa Chaani, matrela ya kontena yanavyopita, mtu kama huyo akivuka barabara peke yake ni hatari tupu.

Tufanyeje basi? Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, mgonjwa akimbizwe hospitali papo hapo, asingojewe mpaka kesho. Akirudi nyumbani, mgeuzieni sahani, na mumkumbushe kila mara kugeuza kichwa kushoto. Wengi hupata nafuu katika wiki na miezi ya kwanza. Tena wazee wetu wapimwe shinikizo la damu, kwani ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi.

Mwenzangu, babu akikupita kushotoni asikuitikie shikamoo, usinune. Zunguka kulia, umwamkie tena.