Milango Miwili ya Bunge: Somo kutoka Same Mashariki

Kwenye semina zetu, ukitajwa uwakilishi wa wanawake, mjadala huwa mfupi. Upande mmoja unasema viti maalumu vifutwe, ni upendeleo. Upande mwingine unajibu kwamba bila hivyo Bunge litakuwa la wanaume watupu. Kisha kipindi kinaisha na watu wanawahi chakula. Mimi natokea Ndungu, wilaya ya Same, kule tambarare ya mpunga chini ya milima ya Upare. Kila nikiusikia ubishi huo nawaza jimbo letu la Same Mashariki, kwa sababu lenyewe limeyaona yote mawili.

Kwanza utaratibu, maana wengi tunaubishania bila kuusoma. Ibara ya 66 ya Katiba inataja aina kadhaa za wabunge. Wapo wa majimbo. Wapo wanawake wa viti maalumu, ambao idadi yao isipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Wapo wasiozidi 10 ambao Rais anawateua, na makundi mengine madogo. Sasa hao wa viti maalumu, wewe mpiga kura huwapigii kura kwa majina yao. Kila chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge kinagawiwa viti kwa uwiano wa kura zake, na majina yanatoka kwenye orodha ya chama chenyewe. Baada ya uchaguzi wa 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Ukijumlisha na akina mama wa majimboni, wanawake walikuwa zaidi ya theluthi ya Bunge. Lakini majimboni kwenyewe walikuwa takriban mmoja kati ya kumi tu.

Milango hii miwili haina uzito sawa. Waziri Mkuu, kwa ibara ya 51, lazima atoke kwa wabunge wa majimbo. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo uko chini ya mbunge wa jimbo. Kwa hiyo mama wa viti maalumu anaweza kusema vizuri mpaka Spika akapiga meza, ila akirudi mkoani hana mfuko wala mipaka ya eneo lake.

Sasa njoo Same Mashariki. Mwaka 2005 jimbo lilimchagua Anne Kilango Malecela wa CCM. Nchi ilimfahamu zaidi mwaka 2008, wakati wa sakata la Richmond na fedha za EPA, aliposimama bungeni kuwasema mafisadi ilhali chama chake ndicho kilichokuwa madarakani. Kwetu watu wanamkumbuka pia kwa tangawizi ya Mamba Myamba na kiwanda chake. Wapo wanaosema alibebwa na jina la mumewe, Mzee John Malecela, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Hoja hiyo mimi hainiingii akilini. Mzee Malecela ni wa Dodoma, na mwaka 2010 alishindwa kura za maoni ndani ya chama huko kwao Mtera. Mwaka huohuo mama alirudi bungeni kwa kura za Wapare. Jina lililoshindwa kumbeba mwenyewe lingembebaje mtu mwingine, tena mlimani kwetu?

Mwaka 2015 jimbo likamwondoa. Na hapa ndipo patamu: aliyemshinda ni mwanamke mwingine, Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA, ambaye baadaye akawa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, ile inayowahoji wakubwa kwa kutumia ripoti ya CAG. Mwaka 2020 jimbo likarudi kwa Kilango. Yaani chaguzi nne mfululizo, vyama viwili tofauti, na kila mara mshindi ni mama. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha Uraia, mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza, "Madam, kwani mwanaume anaruhusiwa kugombea kwetu?" Darasa lilicheka, ila yeye alikuwa anauliza kweli. Hajawahi kuona.

Bibi zetu walianza mapema. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare waliteremka hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi, ambao ndio waliobaki na mashamba na watoto, wakaandamana kumkabili ofisa wa mkoloni. Hawakuwa na kiti popote, si cha jimbo wala cha kupewa. Kodi ile baadaye iliondolewa.

Rudi kwa Kaboyoka, maana yeye ndiye somo lenyewe. Baada ya 2020 aliingia tena bungeni, safari hii kwa viti maalumu, akiwa miongoni mwa wale wanawake 19 ambao CHADEMA ilitangaza kuwavua uanachama, na akaiongoza tena kamati ileile ya hesabu. Ni mtu yuleyule na kazi ileile, kwa mlango tofauti. Mwaka 2015 aliyeulizwa kama anafaa ni mkulima wa Ndungu. Mwaka 2020 swali lilikuwa kati ya chama, Tume, Spika na mahakama, na mkulima wa Ndungu aliusikia mgogoro wote redioni. Kwa hiyo wanaosema mwanamke wa viti maalumu hana uwezo wamekosea. Uwezo ulikuwepo. Kilichokosekana ni mpiga kura.

Na kukosekana huko kuna gharama. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakazia. Miaka mitano baadaye, kwenye Bunge lenye theluthi nzima ya wanawake, sheria ilikuwa bado haijabadilishwa. Sisemi lawama ni ya akina mama, wanaume ndio wengi mle ndani. Akina mama hao walipoungana waliwahi kusukuma mambo, kama sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Ila mtu ambaye jina lake linategemea orodha ya chama atafikiria mara mbili kabla ya kukikera chama. We jiweke kwenye nafasi yake.

Majirani zetu wamejaribu njia ya kati. Kenya, kwa katiba ya 2010, ina kiti cha mwakilishi mwanamke katika kila kaunti, zote 47, na tangu 2013 wanapigiwa kura na wananchi wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Uganda wana mbunge mwanamke wa wilaya. Kiti kimetengwa, lakini mwenye kiti anatafuta kura juani kama wengine. Mimi niko upande huo. Kufuta viti kabisa kungetubakiza na yule mmoja kati ya kumi, maana majimbo kama letu ni machache sana.

Nimeandika haya sasa kwa sababu katiba ya serikali yetu ya wanafunzi inafanyiwa marekebisho semista hii. Rasimu iliyobandikwa inatenga nafasi za wasichana kwenye bunge la wanafunzi, jambo jema, lakini inasema watateuliwa na Rais wa wanafunzi baada ya kuapishwa. Kitivo kizima cha elimu, ambako darasani wasichana tumejaa, kitapata mwakilishi ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemchagua, na siku bumu likichelewa atamwogopa Rais kuliko anavyotuogopa sisi. Pendekezo langu ni sentensi moja: nafasi hizo zibaki, ila kila kitivo kiwapigie kura wasichana wake, siku ileile ya uchaguzi mkuu. Maoni yanapokelewa kwa katibu wa bunge la wanafunzi hadi Ijumaa saa kumi jioni, na yakiwa na sahihi 50 lazima yajadiliwe. Karatasi yangu iko kwa mwakilishi wa darasa la mwaka wa tatu. Mpaka jana usiku ilikuwa na sahihi 31.