Imamu kasoma sura gani?



Wakazi wa Unguja hatujakisahau kiza cha mwaka 2009. Mwezi wa Disemba umeme unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Ilikuwa mara ya pili, kwani mwaka 2008 tulikaa kiasi cha mwezi mmoja kizani. Pampu za maji zilisimama, ndoo hazikututoka mikononi, na biashara nyingi zikaharibika.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi, nikiishi kwa bibi yangu Mji Mkongwe. Mimi tabu yangu kubwa ilikuwa simu. Nilikuwa naipeleka Darajani kwenye duka lenye jenereta, nalipa ichajiwe, kisha naingia msikitini kuswali Magharibi. Imamu anasoma, mimi nahesabu: Imeshajaa? Haijaibiwa? Nani kanipigia? Nikishatoa salamu, mbio dukani.

Usiku mmoja nilimkuta bibi kakaa mbele ya kandili. Akaniuliza: "Imamu kasoma sura gani?"

Nilinyamaza. Swala nimetoka kuiswali punde hivi, na rakaa mbili za mwanzo za Magharibi husomwa kwa sauti. Bibi hakunigombeza. Alisema tu: "Basi hukuwepo, mjukuu wangu." Tangu siku ile kila usiku akawa ananiuliza, nami nikaanza kusikiliza ili nipate la kumjibu.

Ndugu msomaji, somo letu limo katika neno lile "hukuwepo". Katika mwanzo wa Sura Al-Muuminuun, Allah (S.W.) anawataja waumini waliofaulu, na sifa ya kwanza anayowapa ni khushuu katika swala. Khushuu haipatikani bila ya moyo kuhudhuria. Mwili unaweza kuwa safu ya mbele na moyo uko Darajani.

Na moyo usiohudhuria hauwezi kushiba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba utajiri si wingi wa mali bali ni utajiri wa nafsi. Katika hadithi nyingine, aliyoipokea Tirmidhi, anatueleza kuwa mwenye kuamka na amani, afya na chakula cha siku yake ni kama aliyekusanyiwa dunia nzima. Tuzingatie: chakula cha siku yake, si cha mwaka. Neema hiyo wengi wetu tunayo kila asubuhi, lakini hatuioni, kwa sababu tumeshatangulia kwenye kodi ya nyumba, ada ya skuli na deni la dukani.

Huenda mtu akasema haya ni maneno ya kuwatuliza wanyonge. Sivyo. Watu wa Unguja walikuwa na haki ya kudai umeme na maji, na kinaa haimzuii Muislamu kudai haki yake. Wala haimkatazi kupanga. Nabii Yusuf (A.S.) aliweka akiba ya nafaka miaka saba kabla ya njaa. Kuipangia kesho ni jambo la busara. Kuiachia kesho ikuibie swala ya leo ni hasara.

Umeme ulirudi. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Mimi leo ni mwalimu, nawasomesha vijana mlango wa khushuu, na simu yangu ina chaji mchana na usiku. Juzi nilipotoka Isha nikajiuliza swali lake. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nasaha hii naanza kuipa nafsi yangu. Usiku huu tukirudi msikitini, tuulizane majumbani mwetu, baba kwa mtoto na mtoto kwa baba: Imamu kasoma sura gani?

Allah atujaalie nyoyo zenye kuhudhuria na nafsi zenye kukinai. Amin.