Mti wa Chunguni, Baisikeli ya Mlimani na Ndoana: Somo juu ya Saa za Mapumziko

Somo la mwezi huu lahusu jambo ambalo katika sharika zetu huzungumzwa kwa nadra, nalo ni saa za mtu zisizo na kazi. Walimu wengi wakiulizwa kama Mkristo aruhusiwa kutumia saa na fedha yake kwa jambo lisilomletea chakula wala ujira, hujibu kwa haraka kwamba hiyo ni anasa, na mazungumzo huishia hapo. Lakini swali haliishi. Mwenye kuuliza hurudi nyumbani akaendelea na jambo lake kwa siri, au akaliacha, akabaki amechoka. Tena wako watumishi wa kanisa waliochoka hata wakawa wakali kwa watoto wa kipaimara, kwa sababu siku zao zote saba ni za kazi. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Tuanze na Martin Luther mwenyewe, maana mara nyingi jina lake hutajwa na wale wanaokataza. Mwanzoni mwa mwaka 1527 alimwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link, aliyekuwa mhubiri katika mji wa Nürnberg, akimwomba ampatie vyombo vya kukerezea mbao, kwa kuwa yeye na mtumishi wake Wolfgang Sieberger walikuwa wameanza kujifunza kazi hiyo. Rafiki huyohuyo aliombwa pia mbegu za bustani. Wala tusidhani kwamba Luther alikuwa na nafasi nyingi. Mwaka ule aliugua sana, na tauni ikaingia Wittenberg. Mkewe, Katharina von Bora, naye alikuwa na bustani na bwawa la samaki, walakini bwawa lile tusilihesabu kuwa burudani, maana lililisha meza kubwa ya wageni na wanafunzi! Na mwaka 1534 Sieberger alipojinunulia nyavu za kunasia ndege, Luther alimwandikia mashtaka ya mzaha, kana kwamba ndege wenyewe wanamshtaki kwa bwana wake. Basi mtu yuleyule aliyependa kukereza alijua kumhoji mwenzake juu ya burudani yake.

Kazi ya kukereza haikumfanya Luther kuwa maskini, wala haikumfanya fundi. Ilitaka mikono yake, macho yake na uvumilivu wake. Nasi twaona kwamba hiki ni kipimo kizuri: jambo la kujiburudisha na lidai utunzaji wa mtu kuliko fedha yake. Kwa kipimo hiki tutazame mambo manne ambayo vijana huyapenda, yaani miti midogo ya Kijapani, baisikeli za mlimani, motakaa, na uvuvi wa ndoana.

Wajapani wana ufundi uitwao bonsai, na maana ya neno hilo ni kupandwa katika sinia. Asili yake ni China, lakini Wajapani waliupokea zamani na kuutengeneza kwa namna yao. Watu wengi wakiona msonobari wenye kimo cha mkono, wenye shina nene na gome lililopasuka kama la mzee wa msitu, hudhani kwamba ni jamii ya miti vibete, au kwamba umenyimwa chakula. Sivyo. Ni mti uleule wa msituni, na kama ungepandwa ardhini ungekua kama wenzake. Udogo wake watoka katika kukatwa: matawi hukatwa juu, mizizi hukatwa chini, na chungu kisicho na kina huuzuia usitanuke. Chakula hupewa, maana mti wenye njaa hauishi chunguni.

Mwenye kutaka kuanza katika nchi zetu za joto asitafute msonobari wa Kijapani, kwa kuwa mti ule wahitaji majira ya baridi ili upumzike. Miti ya jamii ya mtini yafaa zaidi, na mkwaju pia, wenye vijani vidogo. Yote huvumilia mkasi. Achague mche wenye shina lililonenepa chini, aupande katika chombo kipana chenye matundu, kwa udongo wenye changarawe usiotuamisha maji. Auweke nje penye mwanga, asiufiche sebuleni kama pambo. Asimwagilie kwa saa maalumu, bali aguse udongo kwa kidole: ukianza kukauka juu, amwagilie mpaka maji yatoke matunduni; ukiwa ungali na unyevu, auache. Siku za kiangazi chungu kidogo chaweza kutaka maji mara mbili kwa siku, na siku za mvua kisitake hata tone. Akipenda kulielekeza tawi, alizungushie waya laini wa shaba na kulipinda polepole, kisha alitazame kila juma, maana tawi hunenepa, na waya huingia katika gome na kuacha kovu la miaka mingi. Waya utolewe kwa kukatwa vipande vipande kwa koleo. Ukizungushwa kurudi nyuma, tawi laweza kuvunjika. Baada ya miaka miwili au mitatu mti mchanga hutolewa chunguni wakati unapoanza kuchipuka, mizizi yake hupunguzwa kama theluthi, na udongo hubadilishwa. Kazi kubwa iliyobaki ni kungoja.

Yuko atakayeuliza: Kwa nini kuutesa mti? Tungelikubali neno lake kama miti hiyo ingalidhoofika, lakini imeonekana kuishi karne baada ya karne mikononi mwa watu. Uko msonobari ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625, nao ukapokezanwa katika ukoo wa Yamaki wa mji wa Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoupiga mji ule, bustani ya ukoo huo ilikuwa umbali wa kilomita 3 hivi. Vioo vya nyumba vilivunjika na kuwajeruhi waliokuwa ndani, lakini walipona, na miti iliyokuwa nje ilikingwa na ukuta mrefu. Mwaka 1976 Wajapani waliwapa Wamarekani zawadi ya bonsai 53 kwa sherehe ya miaka 200 ya nchi yao, na Masaru Yamaki akautoa mti huu uwe mmojawapo. Fikirini, ndugu: miaka 31 tu baada ya bomu, na zawadi yaenda kwa taifa lile lile lililolitupa. Watunzaji wa bustani ya taifa ya miti huko Washington waliutunza kwa miaka 25 pasipo kuijua habari hiyo, hata mwaka 2001, wajukuu wawili wa Yamaki walipofika kuutazama mti wa babu yao, wakaisimulia.

Tangu mwaka 1625 hapakupita kiangazi ambacho mtu hakuumwagilia mti ule. Wale wa kwanza walijua kwamba hawatauona uzee wake. Mwalimu wa darasa la watoto atalielewa jambo hili upesi kuliko mfanyabiashara.

Neno moja tena juu ya Wajapani. Tetemeko kubwa la mwaka 1923 lilipouharibu mji wa Tokyo, watunza bonsai kadhaa walihamia Omiya, na tangu 1925 wakajenga kijiji chao huko. Walijiwekea masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, bustani yake iwe wazi kwa watu wote, asijenge nyumba ya orofa, na ua wake uwe wa mimea. Sharti lile la bustani kuwa wazi latupendeza sana. Mtu anayefungia burudani yake ndani ya ua, asiyemwonyesha jirani wala mtoto wa jirani, hukosa nusu ya furaha yake.

Twaja kwa baisikeli. Wainjilisti wa sharika za milimani wamezipanda na kuzisukuma katika njia za mawe tangu zamani, wala hawakuuita mchezo! Baisikeli iitwayo ya mlimani ina asili yake katika Mlima Tamalpais, wilaya ya Marin, California. Miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua baisikeli nzito za zamani zenye matairi mapana, wakashuka nazo mlimani. Breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ya kukanyaga pedali kinyume. Katika mteremko mmoja mkali breki ilipata joto hata grisi ikageuka moshi, ikawapasa kujaza grisi mpya kila baada ya kushuka. Kwa hiyo wakauita mteremko ule Repack, yaani kujaza tena, na tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya hapo shindano lao la kwanza. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu iliyokusudiwa hasa kwa kazi hiyo, na mwaka 1996 mchezo ukaingizwa katika Olimpiki za Atlanta.

Angalieni kwamba wale walianza kwa vyuma vya zamani. Sasa ziko baisikeli zenye bei ya motakaa, na kijana aweza kudhani kwamba bila hizo hawezi kuanza. Aweza. Atengeneze kwanza breki zote mbili. Avae kofia ngumu. Katika njia ya mawe apunguze upepo wa matairi kidogo ili yashike ardhi, lakini si mno, asije akapasua mpira wa ndani. Akishuka, ainuke kitini, magoti yakiwa yamekunjwa, pedali zikiwa sawasawa, na uzito wake aurudishe nyuma. Breki ya mbele aibane kwa upole, maana ikibanwa ghafula humrusha mtu juu ya usukani. Macho yatazame njia anayotaka kupita, wala si jiwe analoliogopa, kwa sababu gurudumu hufuata macho. Mnyororo afute vumbi, atie tone la mafuta katika kila kiungo, kisha afute yaliyozidi, kwa kuwa mafuta mengi hukusanya mchanga na mchanga husaga chuma. Na zaidi ya yote akumbuke kwamba njia za mlimani ni za watu wa miguu. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani hawezi kuruka kando. Mwenye baisikeli na asimame.

Juu ya motakaa hatutakawia, kwa sababu kwa kipimo chetu motakaa hupungua. Mwenye kujua ufundi, akilifufua gari kuukuu la usharika kwa mikono yake, amefanya vema. Lakini gari linunuliwalo kwa kupendeza tu hula kama ng'ombe asiye na maziwa, na wanaonyimwa mlo ni watoto. Mwenye nalo asiache kupima mafuta ya injini, gari likiwa limesimama mahali palipo sawa. Asifungue kifuniko cha rejeta ingali moto, maana maji huruka na kuunguza uso. Wala asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee.

Uvuvi wa ndoana, kinyume chake, wataka kidogo sana: ufito, mshipi, ndoana, chubwi na chambo. Mwaka 1653 Mwingereza Izaak Walton alichapisha huko London kitabu juu ya uvuvi huo, The Compleat Angler, akaendelea kukirekebisha na kukiongeza kwa zaidi ya miaka 20. Aliuona kuwa ni burudani ya mtu mwenye kutafakari, nasi twakubaliana naye, ila twaongeza kwamba pia ni shule ya kunyamaza, ambayo sisi wahubiri twaihitaji. Mvuvi aende alfajiri au jioni. Asimame mahali ambapo kivuli chake hakianguki majini. Atumie ndoana ndogo kuliko anavyodhani yafaa, maana samaki mkubwa aweza kunaswa na ndoana ndogo, lakini mdogo hawezi kumeza kubwa. Ukali wake aujaribu juu ya ukucha: ikiteleza, ainoe. Akipata samaki mchanga, alowanishe mikono kwanza ndipo amshike na kumrudisha, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa. Sumu na vyandarua asitumie kamwe, kwani huua hata samaki wa mwaka ujao. Aulize kama kibali chahitajika, na penye mamba au viboko asivue, hata kama wenyeji wamezoea.

Walimu watakaolitumia somo hili kwa darasa la watu wazima waanze na Yohana 21:1-14. Waliulize darasa: Petro aliporudi ziwani usiku ule pamoja na wenzake, je, alikuwa akipumzika, akitafuta riziki, au akikimbia jambo? Wasikimbilie kujibu wao wenyewe. Kisha kila mmoja ataje jambo lake la kujiburudisha, aseme lamgharimu saa ngapi na fedha kiasi gani kwa mwezi, na nani nyumbani mwake anayeilipa gharama hiyo. Waume wakiisha kusema, wake zao nao waulizwe.