Lugha Tano Mchezoni, Kiswahili Je?

Leo tujifunze habari za michezo ya video. Msidhani nimekitoroka Kiswahili. La hasha! Hebu nifuateni polepole.

Konsoli ni mashine ya michezo inayounganishwa na runinga. Zamani, kwa kawaida ulicheza na yule aliyeketi kando yako tu. Mwaka 1998 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa konsoli iitwayo Dreamcast, yenye modemu, yaani kifaa cha kupitisha habari za kompyuta kwenye waya wa simu. Desemba 2000 ukatoka mchezo wake uitwao Phantasy Star Online. Basi mtu wa Tokyo na mtu wa Paris wakaweza kukutana katika dunia moja ya kubuni, wakaenda kikosi cha watu wanne kupigana na mazimwi.

Sasa, kwani walielewanaje? Watengenezaji waliweka orodha ya maneno na sentensi. Mjapani alichagua sentensi kwa Kijapani, Mfaransa akaisoma papo hapo kwa Kifaransa. Lugha zilikuwa tano: Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili hakikuwamo.

Sisi wa Kedowa jambo hili si geni. Katika mashamba ya chai ya Kericho, Mkipsigis, Mkisii, Mluhya na Mjaluo wakikutana kazini, Kiswahili ndicho orodha yao.

Je, tungepewa nafasi ya kukiingiza mchezoni, tungeweza? Hapa ndipo sarufi inapotubana. Kwa Kiingereza sifa haibadiliki, iwe ni ya adui au ya kisanduku, kimoja au vingi. Kwetu sisi ngeli hudai haki yake:

adui mkubwa – maadui wakubwa
kisanduku kikubwa – visanduku vikubwa
mlango mkubwa – milango mikubwa

Mashine ikipewa mzizi "-kubwa" peke yake, itatoa "kisanduku mkubwa", nasi tutacheka hadi machozi! Kwa hiyo ni lazima ipewe vifungu vizima, au ifundishwe ngeli. Na atakayeifundisha ni nani, kama si mtu anayezijua?

Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza Dreamcast. Baadaye seva rasmi za mchezo huo, yaani kompyuta kuu zilizoubeba, zikafungwa. Hata hivyo, wapenzi wake walianzisha seva zao wenyewe, dunia ile isife. Hawakungoja kampuni. Lugha nayo ni vivyo hivyo: wenyewe wasipoishughulikia, hakuna atakayewaletea. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa.

Zoezi: Andika sentensi kumi ambazo wachezaji wanne wangehitaji vitani, kwa mfano "Nisubirini mlangoni". Kisha zigeuze ziwe za umoja au wingi, uone ngeli zitakavyokuhangaisha. Tuzisahihishe pamoja chamani.

Kiswahili kitukuzwe!