Mwaka Mmoja wa Kukarabati Nyumba ya Zamani: Mwongozo kwa Kaya Zenye Watoto Wadogo

Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili ambazo zinaishi, kwa kununua au kwa kupanga, katika nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 kwenye majimbo yenye baridi ya Marekani. Wengi wetu tumefikia nyumba za aina hii kwa sababu ndizo zenye bei nafuu: nyumba za mbao za ghorofa mbili, zenye madirisha ya kupandisha na kushusha, ngazi zinazolia, na chumba cha chini ya ardhi kinachonuka unyevu kila mvua inaponyesha. Ni nyumba imara, na nyingi zimekwisha kupita miaka sabini au themanini. Lakini zimebeba jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni rangi ya zamani yenye madini ya risasi, tabaka juu ya tabaka, chini ya rangi nyeupe unayoiona leo.

Neno lenyewe linahitaji maelezo. Katika Kiswahili, risasi ni ile itokayo kwenye bunduki, na pia ni jina la madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Mfasiri wa waraka huu aliwahi kumkalimania mama mmoja kliniki. Daktari aliposema kwamba damu ya mtoto imeonekana kuwa na risasi, mama yule alishika kichwa akauliza ni nani aliyempiga mwanawe. Tangu siku hiyo mfasiri husema “madini ya risasi”, na ndivyo tutakavyosema hapa.

Madini haya huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Mtoto aliyeathirika huenda asionyeshe dalili yoyote; baadaye huonekana mzito wa kujifunza, asiyetulia, mwenye hasira za ghafla. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama kwa mtoto. Tangu mwaka 2021, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinataka hatua zichukuliwe damu ya mtoto inapofikia mikrogramu 3.5 kwa desilita. Mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Serikali ya Marekani ilipiga marufuku rangi ya aina hii katika makazi mwaka 1978. Kwa mujibu wa shirika la ulinzi wa mazingira, EPA, nyumba 87 katika kila 100 zilizojengwa kabla ya 1940 zina rangi hiyo mahali fulani. Zilizojengwa kati ya 1940 na 1959 ni 69 katika 100. Na zilizojengwa kati ya 1960 na 1977 ni 24 katika 100. Rangi iliyoshika vizuri ukutani haimdhuru mtu. Inayodhuru ni ile inayobanduka, inayosagika kwenye dirisha linalofunguliwa na kufungwa, na zaidi ya zote ile inayokwanguliwa na mwenye nyumba kwa nia njema. Ndiyo maana ukarabati wa nyumba ya zamani unahitaji mpango wa mwaka mzima, wenye utaratibu wa nini kitangulie na nini kisubiri.

Desturi ya kupaka chokaa

Tulikotoka, nyumba hupakwa upya kabla ya Idi, Krismasi au harusi. Vijana hupewa ufagio mgumu na kisu, wakakwangua chokaa ya zamani ingali kavu, vumbi likatimka hadi barazani, kisha nyumba ikafagiwa na kupakwa siku hiyohiyo. Vumbi la chokaa huwasha macho na kukausha koo. Vumbi la rangi ya zamani ya hapa ni jambo jingine kabisa: likishatua sakafuni, mtoto anayetambaa hulichukua mikononi na kulipeleka kinywani, na ufagio hulirusha tu hewani lipate kutua upya.

Pia tuangalie kalenda. Miaka hii Idi ya Ramadhani huangukia mwishoni mwa majira ya baridi, na Krismasi iko katikati yake. Huo ndio wakati madirisha yamefungwa na watoto wako ndani kutwa nzima. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kukwangua ukuta. Nyumba ya sikukuu na itengenezwe wakati wa joto uliotangulia. Zikikaribia siku zenyewe, kudeki na kubadili mapazia kunatosha.

Januari hadi Machi: kupima na kuandika

Miezi ya baridi ni ya daftari. Tembea chumba hadi chumba uandike kila kilichoharibika: panapovuja, rangi inayobanduka, dirisha lisilofunga, ngazi iliyolegea. Kisha pima kabla ya kutumia hata dola moja. Mkaguzi mwenye leseni anaweza kupima rangi yote bila kuibandua. Iulize idara yetu kwanza, kwani miji na kaunti nyingi hupokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya kaya zenye watoto chini ya miaka sita. Mpeleke mtoto apimwe damu kabla ya kazi kuanza, ili baadaye ujue kama kazi imemdhuru. Bima ya Medicaid hulazimu kipimo hicho mtoto afikapo mwaka mmoja na tena afikapo miwili, hivyo usione haya kukidai.

Majira haya ndiyo pia mazuri ya kupima radoni, gesi isiyo na harufu itokayo ardhini, ambayo ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu nchini humu baada ya sigara. Kifaa chake huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kikionyesha pikokuri 4 kwa lita au zaidi, tafuta fundi wa radoni.

Sasa kuhusu kupanga. Tuchukue mfano wa kaya yenye watoto watatu, mdogo akiwa na mwaka mmoja na nusu, katika nyumba iliyojengwa mwaka 1925. Wameweka akiba, wamepokea zamu yao ya upatu, na orodha yao ina mambo manne: jiko jipya, sebule kupakwa rangi kabla ya harusi ya binti, paa linalovuja juu ya ngazi, na madirisha ya chumba cha watoto yanayomwaga unga mweupe. Wengi wetu tungeanza na sebule, kwa kuwa ndiyo inayoonwa na wageni. Sisi tunashauri hivi: paa kwanza, kwa kuwa maji hubandua rangi yoyote utakayoipaka, madirisha ya watoto pili, kwa kuwa ule unga mweupe huenda ndio sumu yenyewe, sebule tatu. Jiko lisubiri mwaka ujao, hata kama shemeji amepata makabati kwa bei ya kutupa.

Aprili na Mei: maji

Ziba paa, safisha michirizi ya mvua, na uelekeze maji yake mbali na msingi. Kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo ukungu huota, na ukungu huwasumbua sana wenye pumu. Kama unataka kulima mchicha au lengalenga, usilime kando ya ukuta wa nje, kwa sababu rangi ya miaka mingi imepukutikia hapo. Weka udongo safi ndani ya kasha la mbao lisilopakwa rangi, mbali na nyumba. Na kabla ya kuchimba shimo lolote, piga 811 ili upewe alama za mabomba na nyaya zilizo chini. Huduma hiyo ni bure.

Juni hadi Agosti: rangi na madirisha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo makosa hufanyika.

Ukiajiri fundi, sheria iko upande wako. Tangu Aprili 2010, yeyote anayelipwa kwa kazi inayogusa zaidi ya futi 6 za mraba za rangi ndani ya chumba kimoja, au zaidi ya futi 20 za mraba nje, au inayobadilisha madirisha, katika nyumba ya kabla ya 1978, lazima awe na cheti cha EPA, isipokuwa imethibitishwa kwa kipimo kwamba rangi hiyo haina madini. Mwambie akuonyeshe. Akisema cheti ni cha makampuni makubwa tu, au kwamba yeye ni ndugu na hakudanganyi, mshukuru umwage. Andikianeni mkataba hata kama mmetoka kijiji kimoja. Malipo yagawanywe kwa hatua, na fungu la mwisho lisitoke mfukoni mpaka usafi umekamilika.

Anayefanya kazi nyumbani kwake mwenyewe habanwi na kanuni hiyo, lakini vumbi ni lilelile. Basi afanye hivi. Watoto na wajawazito wahamie kwa jamaa mpaka kazi ya chumba hicho ikamilike. Toa kila kitu chumbani, hasa mazulia, mikeka, miswala na magodoro, maana vumbi likiingia humo halitoki kirahisi. Tandika plastiki nzito sakafuni, uibandike ukutani kwa utepe, na uzibe mlango na matundu ya hewa ya moto kwa plastiki hiyohiyo. Nyunyizia maji kabla ya kukwangua, na uendelee kunyunyizia. Msasa utumike ukiwa umeloweshwa. Usichome rangi kwa moto wa gesi, kwa kuwa moshi wake nao ni sumu, wala usitumie mashine ya kusugulia isiyo na kichujio cha HEPA.

Kila jioni, kunja plastiki kwa ndani, uifunge ndani ya mfuko na kuitoa nje. Fyonza vumbi kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, ambayo maduka mengine hukodisha, kisha deki kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, ukibadilisha maji mara kwa mara. Nguo za kazi zivuliwe mlangoni na zifuliwe peke yake. Desturi yetu ya kuvua viatu kabla ya kuingia ndani, ambayo majirani huishangaa, hapa ni kinga ya kweli.

Neno moja lizingatiwe kuliko yote: chumba kimoja, ukimalize, ukisafishe, ndipo ufungue kingine. Ukuta usioguswa kabisa una hatari ndogo kuliko ukuta uliokwanguliwa nusu ukaachwa kwa sababu fedha zimekwisha, au zamu za kazini zimebadilika, au kumetokea msiba nyumbani na nauli ya ndege imemeza akiba. Mambo haya hutokea, na hutupata sisi zaidi kuliko majirani zetu. Kwa hiyo usianze kile usichoweza kukifunga ndani ya siku chache. Ukilazimika kusimama katikati, safisha kama ilivyoelezwa hapo juu, paka rangi mpya juu ya palipokwanguliwa, na ufunge mlango. Mwisho wa kazi, agiza kipimo cha vumbi la sakafuni na madirishani kabla watoto hawajarudi. Usafi unaoonekana kwa macho pekee hautoshi.

Septemba hadi Desemba: joto na hewa

Mwite fundi akague tanuri na bomba lake la moshi kabla ya baridi. Weka king'ora cha moshi ndani ya kila chumba cha kulala na katika kila ghorofa, na king'ora cha gesi ya karboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Vijaribu kila mwezi; cha moshi kikifikisha miaka 10, kibadilishwe. Umeme ukikatika, jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika chache. Hapa nyumba zimezibwa dhidi ya baridi, na gesi ya mkaa huua waliolala kabla hawajaisikia.

Kama kipato chenu ni kidogo, ulizeni kuhusu mpango wa taifa wa kuziba nyumba dhidi ya baridi, ulioanzishwa mwaka 1976. Wanaokubaliwa hufanyiwa kazi hiyo bila malipo, na wapangaji pia wanaweza kuomba.

Kwa aliyepanga

Usikwangue wala usipake rangi iliyobanduka kwa gharama yako. Mwandikie mwenye nyumba, taja chumba na tarehe, piga picha, weka nakala. Kwa nyumba ya kabla ya 1978, alipaswa kukueleza anachokijua kuhusu madini ya risasi kabla hujasaini mkataba. Wakati unasubiri, deki kingo za madirisha kila wiki, na usogeze kitanda cha mtoto mbali nazo. Asipojibu, tupigie simu. Wapo wanaoogopa kwamba kulalamika kutawaharibia karatasi za uhamiaji. Idara hii haiulizi karatasi za mtu yeyote.

Kwa maswali kuhusu madini ya risasi, kituo cha taifa cha taarifa kinapatikana kwa 1-800-424-5323. Mtoto akimeza vipande vya rangi, piga 1-800-222-1222, saa yoyote. Ukipiga simu kwetu, huna haja ya kumtafuta mwanao akutafsirie: sema “Swahili”, kisha usubiri kwenye simu mpaka mkalimani aunganishwe.