SOMO: TUSAFIRI KWA MWENDO WA MTOTO

Masomo: Mathayo 2:11-23, Mwanzo 21:14-19, Mwanzo 33:12-14
Neno la kushika: Safari ya familia hupimwa kwa hatua za mtoto mdogo.



UTANGULIZI

Wengi wetu tumesafiri na watoto wadogo bila kupenda safari hiyo. Kuna waliovuka mto Ruzizi usiku, na kuna waliopanda mtumbwi ziwani mtoto akiwa amefungwa mgongoni kwa kitenge. Leo tujifunze kwa familia tatu za Biblia zilizokuwa njiani na watoto, mbili kati yake jangwani.

Hapa Burundi jangwa hatulioni. Ukitoka Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi, unaona migomba, kahawa na vilima, na unavuka mto Ruvubu. Lakini tukumbuke jambo moja. Maji ya Ruvubu huingia Kagera, Kagera huingia Ziwa Victoria, na kutoka huko mto Nili huyapitisha katika jangwa mpaka Misri. Mto tunaouvuka sisi unaelekea nchi ile ile ambako Bwana Yesu alikuwa mkimbizi.

1. MTOTO KWANZA (Mathayo 2:11-15)

Picha nyingi zinamwonyesha Yesu akienda Misri kama mtoto aliyezaliwa jana. Tusome vizuri. Mamajusi walimkuta ndani ya nyumba (mstari wa 11), na Herode aliua watoto wa miaka miwili na chini yake (mstari wa 16). Basi huenda Yesu alikuwa mtoto wa kutambaa au wa kuanza kutembea. Akina mama wanajua kwamba umri huo ndio mgumu kuliko wote safarini. Hatulii mgongoni kama mchanga, wala hawezi kwenda kwa miguu yake.

Mathayo hataji njia waliyopita, wala hataji punda tunayemwona kwenye picha. Lakini kutoka Bethlehemu mpaka bonde la Nili ni zaidi ya kilomita 250, na sehemu kubwa ni mchanga wa Sinai. Anayetembea kilomita 25 kwa siku angehitaji siku kumi au zaidi. Kwa nini Misri? Kwa sababu Herode hakuwa na mamlaka huko. Misri ilikuwa jimbo la Warumi tangu mwaka 30 kabla ya Kristo, na Wayahudi wengi waliishi huko, hasa Aleksandria.

Sasa angalieni mstari wa 13, 14, 20 na 21. Mara nne Mathayo anamtaja mtoto, kisha mama yake. Mara zote mtoto ndiye wa kwanza. Yusufu mwenyewe hatusikii akisema hata neno moja. Anaamka usiku, anawachukua, anaondoka. Akina baba, huyo ndiye kielelezo chetu. Mimi na wewe tukiamshwa usiku, tunauliza kwanza karatasi ziko wapi na pesa ziko wapi. Yusufu alianza na mtoto.

2. MAJI YA NJIANI (Mwanzo 21:14-19)

Hajiri alitoka kwa Abrahamu na mkate na kiriba kimoja cha maji. Katika jangwa la Beer-sheba maji yakaisha. Ishmaeli hakuwa mchanga, kwani alitahiriwa akiwa na miaka 13 (Mwanzo 17:25). Kama kiu ilimwangusha kijana, itakuwaje kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu?

Hapa lazima nitoe ushuhuda wangu, ingawa si wa kunisifu. Mwaka 2016, wakati wa kiangazi, nilitoka Gitega na mke wangu na mtoto wetu wa miezi 18. Kesho yake kulikuwa na kuhakikiwa kwa karatasi za wakimbizi huku Muyinga, na nilitaka kufika kabla ya giza. Mtoto alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Katika Hiace tulibanana, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Mke wangu aliniambia, "Baba, tushuke, mtoto anaishiwa nguvu." Nikamjibu, "Mama, tukishuka tutakosa zamu." Akaniomba mara ya pili, nikanyamaza.

Kabla ya kufika Karuzi nilimtazama mtoto. Alikuwa analia bila machozi. Ndipo nikapiga kelele gari lisimame.

Mama mmoja Mrundi aliyekuwa anauza ndizi kando ya njia hakutuuliza sisi ni nani. Alitupeleka kwake, akachemsha maji, akatia sukari na chumvi, akampa mtoto kijiko kimoja kimoja, huku mke wangu akiendelea kumnyonyesha. Usiku mtoto alikojoa, na sisi tulimshukuru Mungu kwa nguo zilizolowa. Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya. Zamu yetu tuliikosa, tukaandikwa baadaye, na mwezi ule tuliishi kwa unga wa kukopa kwa majirani. Lakini mtoto yuko hai, na leo anaimba kwaya ya watoto.

Mungu hakumshushia Hajiri maji kutoka mbinguni. Alimfumbua macho akaona kisima. Kwangu mimi, macho yaliyoona alikuwa nayo mke wangu tangu mwanzo, nami nilikataa kumsikiliza.

Kwa hiyo, wapendwa, tushike na hili. Pakiti ya dawa ya maji ya kituo cha afya ndiyo bora. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Chumvi isizidi. Mpe mtoto kidogo kidogo, na usiache kumnyonyesha. Ukiona macho yamezama, hakuna machozi, hakojoi, au amelegea na kusinzia, usingoje kesho. Mpeleke kwa mganga wakati huo huo.

3. MWENDO WA WATOTO (Mwanzo 33:12-14)

Yakobo alikuwa mkimbizi miaka 20 kwa Labani. Alipokuwa anarudi, Esau alikuja na watu 400 akataka waende pamoja. Yakobo alimjibu kwa adabu kwamba watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, na wakikimbizwa hata siku moja watakufa. Akaomba aende polepole, kwa kadiri watoto wanavyoweza.

Yakobo alimwogopa Esau, lakini hakukubali kwenda kwa mwendo wa watu 400 wenye nguvu. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Mimi nilisafiri kwa mwendo wa karatasi, na nusura nizike.

4. HATA KURUDI NI KWA KUANGALIA (Mathayo 2:19-23)

Yusufu aliambiwa kwamba waliotaka kumwua mtoto wamekufa. Akarudi. Lakini aliposikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake, aliogopa, akaonywa katika ndoto, akaenda Galilaya. Hofu yake haikuitwa dhambi.

Simwambii mtu yeyote arudi nyumbani au abaki. Nasema tu kwamba neno la redio au la sokoni lisitutoshe kuwafunga watoto mgongoni. Tuombe, tuulize waliotoka huko, mume amsikilize mke, ndipo tuamue.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Siku ulipokimbia, ulichukua nini kwanza? Kwa nini?
2. Katika nyumba yako, ni nani anayeona hali ya mtoto kwanza, na je, anasikilizwa?
3. Biblia haitaji jina la Mmisri aliyempokea Yesu. Ni nani aliyekusaidia njiani, nawe jina lake hulijui? Tumwombee.

Akina baba, wiki hii kabla ya maombi ya jioni, kila mmoja amwulize mke wake ni neno gani alilosema zamani nasi hatukulisikia. Tukikosa, tuombe msamaha kabla ya kusema amina.

Bwana aliyewabeba Israeli jangwani kama mtu abebavyo mwanawe (Kumbukumbu la Torati 1:31) awabebe na ninyi. Amina.